Utafiti Unaoanzia Zahanati: Kazi ya Idara ya Tiba ya Familia Katika Mikoa ya Kati

Katikati ya mwaka 2016, watu wa wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, pamoja na jirani zao wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuugua ugonjwa usiojulikana. Macho yalikuwa ya njano, matumbo na miguu vilikuwa vimevimba, na baadhi yao walikuwa wakitapika. Hadi mlipuko huo ulipomalizika, wagonjwa 68 walikuwa wametambuliwa, na 20 kati yao walikuwa wamefariki. Uchunguzi uliofuata uliishia ghalani: mahindi ambayo familia zilikuwa zimeyavuna na kuyahifadhi zenyewe yalikuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga.

Daktari anayekutana wodini na mgonjwa mmoja wa aina hiyo huona ini lililoharibika, na ana haki ya kuona hivyo, kwa sababu ini ndilo lililoletwa mbele yake. Anayemuuliza mama wa mgonjwa ni nani mwingine pale nyumbani anaumwa, unga wa ugali ulitoka wapi, na majirani wana hali gani, huanza kuliona ghala. Maswali haya ya pili ndiyo msingi wa tiba ya familia. Kuyafanya yawe maswali yanayoweza kujibiwa kwa vipimo, hesabu na ushahidi ndiyo kazi ya programu za utafiti za idara ya tiba ya familia katika chuo kikuu. Kazi hiyo ina kanuni zake, ambazo mara nyingi hazieleweki hata kwa madaktari wa idara nyingine, na nitajaribu kuzifafanua moja baada ya nyingine kwa kutumia mifano ya mikoa ya kati kila inapowezekana.

Taaluma isiyo na kiungo chake

Matawi mengi ya udaktari hujitambulisha kwa kiungo cha mwili, kwa umri au kwa aina ya ugonjwa. Kuna bingwa wa moyo, bingwa wa watoto na bingwa wa saratani, na kila mmoja akitaka kufanya utafiti anajua pa kuanzia. Tiba ya familia hujitambulisha kwa mtu na mahali anapoishi. Mtoto mwenye kikohozi, mama yake mwenye ujauzito na bibi yake mwenye presha ni wagonjwa wa daktari mmoja, ambaye anatarajiwa kuwafuatilia kwa miaka na si kwa siku walizolazwa tu. Nchini Marekani taaluma hii ilitambuliwa rasmi kuwa ubingwa mwaka 1969. Tanzania ilichelewa: mafunzo ya uzamili katika fani hii yalianza Dar es Salaam mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, na hadi leo mabingwa wake ni wachache mno ukilinganisha na idadi ya watu.

Kwa kuwa haina kiungo chake, wengi hudhani haina cha kutafiti, na kwamba kazi yake ni kupokea matokeo ya mabingwa wengine na kuyatumia. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 1929, daktari wa vijijini aitwaye William Pickles, aliyefanya kazi katika bonde la Wensleydale kaskazini mwa Uingereza, alifuatilia mlipuko wa homa ya ini katika vijiji vyake. Alikuwa na daftari, gari na jambo moja ambalo hospitali kubwa hazikuwa nalo: aliwajua karibu wakazi wote, akajua nani ni ndugu wa nani na nani alihudhuria sherehe gani. Asubuhi moja alimkuta msichana wa kazi za jikoni akiwa mgonjwa kitandani. Baadaye siku hiyohiyo msichana huyo akaonekana kwenye sherehe ya kijiji. Kwa kuhesabu siku kutoka sherehe ile hadi wageni wenzake walipoanza kuugua, Pickles aliweza kukadiria kwamba ugonjwa huo hukaa mwilini kati ya siku 26 na 35 kabla ya kujitokeza. Jibu hilo lisingeweza kupatikana wodini, kwa kuwa mgonjwa hufika wodini akiwa ameshaachana na mnyororo wa watu uliomfikisha pale.

Wagonjwa ambao hospitali haiwaoni

Mwaka 1961, Kerr White na wenzake wawili walichapisha hesabu ambayo mpaka sasa inafundishwa katika kila idara ya tiba ya familia yenye kujiheshimu. Kwa kutumia takwimu za Marekani na Uingereza, walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja 750 hupata maradhi au maumivu ya namna fulani. Kati yao 250 huenda kumwona daktari, tisa hulazwa hospitalini, na mmoja tu hufikishwa katika hospitali ya chuo kikuu. Hata hivyo mtu huyo mmoja ndiye ambaye wanafunzi wa udaktari humtumia kujifunzia, na ndiye ambaye tafiti nyingi zilimhusu.

Namba hizo ni za nchi nyingine na za zama nyingine, na haitakuwa sahihi kuzihamishia Mpwapwa au Manyoni kama zilivyo. Hapa kwetu mtu anaweza kuanzia duka la dawa, au kwa mganga wa jadi, kisha zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na kuendelea hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ambayo wakazi wa Dodoma bado huiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kila hatua huwachuja watu, na mchujo huo hauendani na ukali wa ugonjwa peke yake: umbali, nauli, msimu wa kilimo, na mwenye uamuzi wa kuuza mbuzi ili mgonjwa asafirishwe vyote vina nafasi yake. Kwa hiyo mtafiti anayechukua mafaili ya hospitali ya rufaa na kutangaza sura ya kisukari katika mkoa mzima, ameeleza sura ya kisukari cha watu waliofaulu kufika.

Madhara ya kosa hilo yanaonekana wazi zaidi kwenye vipimo. Tuchukue kipimo cha kufikirika ambacho katika kila wagonjwa 100 huwagundua 90, na katika kila watu 100 wasio na ugonjwa huwapa 90 jibu sahihi kwamba hawana. Kikitumiwa kwa watu 1,000 waliopewa rufaa, ambao tuseme 400 kati yao ni wagonjwa kweli, kitawagundua wagonjwa 360 na kuwasingizia wazima 60. Mtu akiambiwa pale kwamba ana ugonjwa, uwezekano wa kuwa nao kweli ni takribani asilimia 86. Kipimo hichohicho kikipelekwa zahanati, ambako tuseme ni watu 20 tu kati ya 1,000 wenye ugonjwa huo, kitawagundua 18 na kuwasingizia 98. Sasa katika watu 116 walioambiwa wanaumwa, wanaoumwa kweli hawafiki hata 16 katika kila 100. Kipimo hakijaharibika, na tabibu anayekitumia hajakosea. Kilichobadilika ni watu waliosimama kwenye foleni.

Binafsi ninaona hesabu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuwa na utafiti wa ngazi ya msingi unaojitegemea. Mwongozo wa tiba uliotokana na hospitali kubwa, hata ukiwa sahihi kabisa kule ulikotungwa, unaweza kumfanya tabibu wa Bahi awape dawa watu wengi wasiozihitaji, na hakuna atakayelijua hilo mpaka mtu aende kuhesabu palepale Bahi.

Mfano halisi wa kuhesabu palepale ni homa za watoto. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa nchini alihesabiwa kuwa na malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliowachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takribani asilimia 10.5 tu, huku maambukizi ya njia ya hewa yakiwa kwa takribani asilimia 62, na zaidi ya mtoto mmoja katika watano akiwa na tatizo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mtu anayesoma takwimu za wodi peke yake asingeifikia picha hiyo, kwa kuwa wengi wa watoto hawa hawakuwa wagonjwa wa kulazwa.

Kaya kama kipimo cha hesabu

Neno familia katika jina la idara si pambo. Watu wanaolala nyumba moja huchangia maji, unga, moshi wa jikoni, vimelea na mara nyingi kipato. Kwa mtafiti hili ni utajiri, na pia ni mtego wa kitakwimu unaowanasa wengi.

Tuseme mwanafunzi wa shahada ya uzamili anakwenda Kongwa na kupima presha watu 300 kutoka kaya 60, watano kila kaya. Anaporudi chuoni, huandika kwamba sampuli yake ni watu 300. Lakini watu watano wa kaya moja hawatoi habari tano zinazojitegemea: wanakula chumvi kutoka chungu kimoja na baadhi yao ni wa damu moja. Wataalamu wa takwimu wana njia rahisi ya kulipima hili. Chukua idadi ya watu waliopimwa katika kila kaya, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao, kisha ongeza moja. Kiwango cha kufanana kikiwa robo, yaani 0.25, hesabu inakuwa nne mara 0.25, ambayo ni moja, na ukiongeza moja unapata mbili. Maana yake ni kwamba watu wale 300 wana uzito wa ushahidi wa watu 150. Mwanafunzi aliyepanga utafiti wake bila kulijua hilo atatangaza kwa uhakika jambo ambalo takwimu zake hazina nguvu ya kulithibitisha.

Kufanana kwa watu wa kaya moja kunaweza pia kuwa ndilo swali lenyewe la utafiti. Kwa nini kaya mbili zinazotenganishwa na ua wa miti, zinazolima shamba la aina moja na kuchota maji kisima kimoja, moja ipate sumukuvu na nyingine isipate? Mikoa ya kati ina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na mazao ya asili ya Wagogo, mtama na uwele, hayashambuliwi na sumukuvu kwa kiwango cha mahindi na karanga. Kaya inayoamua kulima mahindi, kuyavuna mapema kwa kuogopa wezi au njaa, na kuyalundika sakafuni kabla hayajakauka, imefanya maamuzi kadhaa yenye sababu za kueleweka. Daktari hawezi kuyabadilisha kwa kuandika dawa. Utafiti wa aina hii unamtaka akae na mtaalamu wa kilimo, na zaidi ya hapo akae na mama mwenye ghala.

Kongwa, na maana ya programu

Hapa inabidi nitenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku katika vyuo vyetu: mradi na programu. Mradi una mfadhili, bajeti, tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Mara nyingi una gari lenye nembo mlangoni. Programu ni mfululizo wa maswali yanayozaana, unaoshikiliwa na kundi la watu na mahali pamoja kwa muda mrefu, huku miradi ikija na kuondoka ndani yake. Idara inaweza kuwa na miradi kumi na isiwe na programu hata moja, na kwa maoni yangu hilo ndilo gonjwa kubwa la utafiti wa afya katika vyuo vingi.

Mfano bora wa programu katika mikoa ya kati haukutoka katika tiba ya familia bali katika tiba ya macho na afya ya jamii, lakini kila idara ya tiba ya familia ingefaa kuujifunza. Ni utafiti wa trakoma, ambayo wengi huiita vikope, uliofanyika wilayani Kongwa kuanzia miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Watanzania na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West. Trakoma husababishwa na bakteria anayehama kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine kwa vidole, nguo na nzi. Maambukizi yakirudiarudia kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi upofu, na wanawake ambao huishi karibu na watoto huumia zaidi. Wakati ule, katika vijiji vilivyochunguzwa, zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na ugonjwa huo.

Swali la kwanza lilikuwa la hesabu: ni watoto wangapi, na wa kaya zipi? Takwimu zilionyesha kwamba watoto wenye nyuso chafu, zenye makamasi na nzi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Pengine mtu angeishia hapo na kuandika pendekezo kwamba akina mama waelimishwe. Watafiti wale walikwenda hatua nyingine wakauliza kwa nini nyuso hazioshwi, na jibu walilolipata halikuwa uvivu wala ujinga. Katika eneo lenye shida ya maji, watu walikuwa wakikadiria kwamba kuosha nyuso za watoto kunahitaji maji mengi kuliko kunavyohitaji kweli, na uamuzi wa matumizi ya maji yaliyobebwa kwa taabu haukuwa wa mama peke yake. Habari hizo zilipatikana kwa mazungumzo na kwa kutazama, si kwa maabara, na zilibadilisha namna elimu ilivyotolewa baadaye: badala ya kuhimiza usafi kwa jumla, ilibidi kuonyeshwa ni maji kidogo kiasi gani yanatosha, na wanaume wahusishwe.

Ndipo likaja jaribio, lililochapishwa mwaka 1995. Vijiji sita vilipangwa katika jozi tatu. Vijiji vyote vilipata dawa ya macho ya kupaka. Katika kila jozi, kijiji kimoja, kilichochaguliwa kwa kura ya bahati, kilipata pia kampeni ya kina, iliyowashirikisha wanakijiji, ya kuosha watoto nyuso. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini hawakupiga kura kwa mtoto mmojammoja. Sababu ni kwamba elimu haiwezi kufungiwa ndani ya nyumba: jirani ataisikia kisimani, na mtoto aliyeoshwa atacheza na asiyeoshwa. Kinachopewa tiba hapa ni kijiji, kwa hiyo kijiji ndicho kinachopigiwa kura. Gharama yake ni ileile ya kaya niliyoieleza, tena kubwa zaidi: hata ukiwapima watoto zaidi ya elfu moja, vitu ulivyolinganisha kwa hakika ni sita. Matokeo yalikuwa kwamba trakoma kali ilipungua katika vijiji vya kampeni, lakini kwa trakoma kwa jumla ushahidi haukutosha kutoa hukumu. Ninaipenda taarifa ya namna hii kwa sababu inakiri mipaka yake. Mkakati ambao Shirika la Afya Duniani linautumia dhidi ya trakoma, wenye nguzo nne za upasuaji, dawa, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira, unakubaliana na yale yaliyojifunzwa katika vijiji kama hivyo.

Maswali hayakuisha. Baada ya dawa ya kupaka ilikuja azithromaisini, ya kumezwa mara moja, na Kongwa ikawa tena mahali pa kuuliza: ni asilimia ngapi ya wanakijiji wakimeza ndipo maambukizi yakatike, na ni wakati gani salama wa kuacha kugawa? Jaribio la baadaye lilihusisha vitongoji na vijiji 32 vya wilaya hiyohiyo. Kila jibu lilizaa swali la baadaye, na kila kundi la watafiti lilikuta takwimu, wahudumu waliofunzwa na wazee wa vijiji wanaojua utafiti ni nini.

Mahali pengine uvumilivu wa namna hiyo ulibebwa na daktari mmoja. Julian Tudor Hart alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 25 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg huko Wales, akapima presha karibu watu wazima wote wa kijiji hicho, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuja kulalamika, na akawafuatilia. Mwishoni aliweza kuonyesha kwamba vifo vya mapema kijijini kwake vilikuwa vichache kuliko katika kijiji jirani chenye umaskini kama huo. Jibu hilo halipatikani katika mradi wa miezi 18.

Kusikiliza kama njia ya utafiti

Baadhi ya wanasayansi hukunja uso wanaposikia kwamba mahojiano na majadiliano ya vikundi ni utafiti. Wangefikiria habari ya degedege. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi walijua malaria na walimpeleka mtoto mwenye homa kituoni, lakini mtoto akishikwa na degedege walihesabu kuwa huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili ya pepo, na wakampeleka kwa mganga wa jadi. Kitabibu, degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali; kwa hiyo dodoso linalouliza kama mtoto alipata malaria kali, halafu likaandika hapana, lingekuwa limejazwa kwa uaminifu na bado likapotosha.

Katika mikoa ya kati tatizo hili lina upande wa lugha pia. Dodoso huandikwa kwa Kiswahili, lakini bibi wa Kigogo au wa Kinyaturu anayeulizwa kuhusu moyo kwenda mbio, kuishiwa nguvu au mawazo mengi huenda akawa na neno lake lenye mipaka tofauti. Kufasiri dodoso, kulirudisha katika Kiswahili kwa mkono wa mfasiri mwingine, kisha kulijaribu kwa watu wachache kabla ya kuanza ni hatua inayokatwa mara nyingi kwa ajili ya haraka, na haipaswi kukatwa.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Utafiti wa binadamu huhitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo au ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kisha ruhusa ya mkoa na wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Lakini kuna jambo moja ambalo utafiti wa kaya huliweka wazi kuliko tafiti nyingine: ruhusa ya mkuu wa kaya kuingia nyumbani haiwi ridhaa ya mkewe, ya mkwewe wala ya kijana wake. Kila mmoja huulizwa peke yake, kwa faragha, na majibu ya mmoja hayasomwi mbele ya mwingine, hata kama wote watano wanaishi chini ya paa moja na takwimu zao zitachanganuliwa kwa pamoja.

Dodoma inachoweza

Idara ya namna hii ikiwa Dodoma ina bahati ya kijiografia ambayo sidhani kama tumeitumia vya kutosha. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye wanafunzi wa udaktari. Kuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya tangu miaka ya 1920, ambayo wagonjwa wake wakiruhusiwa hurudi kwenye kaya zinazohitaji kusaidiwa. Kuna vijiji vyenye ukame, mifugo na umbali mrefu ndani ya saa chache za safari. Na Mtumba kuna Wizara ya Afya na TAMISEMI, ambayo ndiyo inayosimamia zahanati, hivi kwamba matokeo ya Bahi yanaweza kufikishwa kwa mtunga sera kwa daladala.

Kinachokosekana mara nyingi ni kuunganisha. Kila mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu. Mmoja huchagua presha, mwingine lishe, mwingine afya ya uzazi, kila mmoja kijiji chake, na kazi zao huishia kabatini. Wanafunzi haohao wakipangwa katika zahanati zilezile nane au kumi, mwaka baada ya mwaka, kila mmoja akianzia pale alipoishia mwenzake, tasnifu zao zingekuwa programu bila kuongezewa fedha nyingi. Tabibu, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa zahanati hizo wangekuwa watafiti wenza, wenye haki ya kupendekeza maswali, kwa sababu wao ndio wanaoiona foleni kila asubuhi. Matokeo yangerudishwa kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha ya kijiji, na yangerudi pia kwenye ukuta wa zahanati.

Ningepewa nafasi ya kupendekeza swali la kwanza la mtandao kama huo, lingekuwa dogo. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, vinavyojazwa zahanati humwandika kila mgonjwa katika mstari wake: jina, umri, mahali anapoishi, ugonjwa, dawa. Watoto watatu wa nyumba moja wakija siku tatu tofauti wakiwa na macho ya njano, wanakaa katika mistari mitatu iliyoachana, pengine katika kurasa tatu, na hakuna kinachomwonyesha tabibu aliye zamu kwamba wanakula chungu kimoja. Katika nusu ya zahanati zilizopangwa kwa kura, daftari lingeongezewa safu ya namba ya kaya, pamoja na utaratibu wa muuguzi kupitia namba hizo kila Ijumaa. Nusu nyingine zingeendelea kama kawaida. Baada ya misimu miwili ya mavuno ingehesabiwa ni kaya ngapi zenye wagonjwa zaidi ya mmoja ziligunduliwa, baada ya siku ngapi tangu mgonjwa wa kwanza, na katika ngapi mhudumu wa afya ngazi ya jamii alifika kuangalia ghala.